Ukingo wa Mwaka Gani? Maji, Ndege na Vigingi vya Dunga

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wadau, Siku ya Ardhioevu Duniani, Kisumu

1. Utangulizi

Nimeombwa kufafanua ardhioevu. Mkataba wa Ramsar wa 1971 ulishafafanua, nanyi mnaujua. Niseme tu kwamba Ziwa Victoria lina kazi mbili. Ni tangi: tangu bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lifunguliwe Jinja mwaka 1954, maji yake hutoka kwa lango, na Kisumu huchota ya kunywa hapa Dunga. Tena ni makao ya ndege. Mafunjo, au togo, huzibeba kazi zote mbili. Hunasa tope na uchafu kabla haujafika ziwani, na ndimo anamoishi gonoleki wa mafunjo, mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye ni nadra kumwona kwingine.

2. Tatizo: mpaka

Kanuni za kulinda ufuo wa ziwa huhesabu mita kutoka ukingoni. Swali langu la miaka mingi ni hili: ukingo wa mwaka gani?

Kufikia 2006, ukame pamoja na maji mengi kupita kiasi yaliyofunguliwa Jinja vilikuwa vimeshusha ziwa. Tope likakauka, mafunjo yakachomwa, pakapandwa nduma na sukuma wiki. Baada ya mboga ukaja ua, baada ya ua nyumba. Niliandikia ofisi husika nikiomba vigingi vya mpaka. Nikajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Niliandika tena, jibu lilikuwa lilelile, ila tarehe.

Mei 2020 ziwa likapanda kupita hata rekodi ya 1964. Maji yaliingia vyumbani, na vyoo vya shimo vikamwagikia maji tunayochota. Wengi waliyaita mafuriko. Wazee walisema ziwa limefika lilikofika zamani, wakaonyesha mahali kwa kidole. Kidole hicho ndicho kigingi pekee tulicho nacho.

Simlaumu afisa yeyote, na maoni haya ni yangu. Kila ofisi ina kipande chake cha sheria. Ukingo wenyewe hauna mwenyewe.

3. Mapendekezo

(a) Vigingi vya saruji viwekwe kwenye alama ya maji ya 2020.
(b) Hati ya ardhi isitolewe chini ya alama hiyo.
(c) Wasuka mikeka wapangiwe zamu za kukata mafunjo. Wakate shina, waache mizizi. Moto upigwe marufuku.
(d) Vyoo vya shimo vilivyo chini ya alama vihamishwe, na wenyewe wasaidiwe gharama.
(e) Sehemu ndogo ya bili ya maji iende kwa vikundi vinavyolinda mafunjo na kuhesabu ndege.
(f) Ofisi zote zitumie ramani moja, yenye vigingi vilivyotajwa katika (a).
(g) Vigingi viwekwe kabla maji hayajashuka. Yakishashuka, kutapandwa nduma, nami nitaandika barua nyingine.