Mpungate: Panga Peke Yake Halitoshi

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wafugaji wa Laikipia Kaskazini



Nazungumza leo juu ya mpungate, dungusi lenye matunda ya zambarau. Asili yake ni bara la Amerika. Miaka ya 1950, enzi za ukoloni, ulipandwa Doldol kama pambo na ua wa boma. Sasa umetoka bomani na kuingia malishoni, na unapokaa wenyewe nyasi zetu za asili hazipati nafasi.

Hasara yake mnaijua kuliko mimi. Mbuzi akila tunda lake, miiba midogo humchoma mdomo, ulimi na utumbo. Wengine hupofuka, wengine hufa. Tembo, nyani na ndege nao hula matunda na kusambaza mbegu kwenye kinyesi.

Wengi wetu tumeukabili kwa panga. Lakini kila kipande kinachoanguka chini huota mizizi. Umekata mmoja, umepanda kumi. Ukiung'oa, toa na mizizi, kusanya vipande vyote, uvizike katika shimo refu. Usivitupe mtoni wala kando ya barabara.

Palipo na vichaka vikubwa, tuna msaidizi: mdudu aitwaye kochinili, ambaye ameshaanza kutumiwa hapa Laikipia. Utamtambua kwa utando mweupe kama pamba. Ukimponda hutoa rangi nyekundu. Hufyonza maji ya mpungate mpaka ukanyauka, na hagusi nyasi wala mahindi.

Shida ni kwamba jike hana mabawa, kwa hivyo hafiki mbali peke yake. Mwenye kumsogeza ni sisi. Vaa glavu au tumia koleo, chukua kipande chenye wadudu, ukiegemeze kwenye mpungate ambao bado haujashambuliwa. Mmea wenye utando mweupe usiuchome wala kuukata. Hapo ndipo mbegu yetu ya wadudu ilipo.

Kazi hii huchukua miezi, hata miaka. Mpungate ukikauka, pumzisheni eneo hilo nyasi zipate kurudi kabla ya kuingiza mifugo.

Na nyumbani, tafadhali, tusiupande tena kwa sababu unapendeza. Kwa ua, mtandamboo wetu una miiba ya kutosha na matunda matamu.