Soma Mhuri Kabla ya Kupiga Msumari

Maneno ya ofisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Leo nataka tuzungumze juu ya mbachao, yaani vitu vilivyochakaa ambavyo bado vina kazi. Nitataja viwili tu: paleti na tairi kuukuu.

Sisi ni watu wa bandari. Mizigo hushushwa ikaenda zake, na mbao zilizoibeba zikabaki. Paleti mbili tatu, misumari, msasa na vanishi kidogo vinatosha kukupa meza, benchi au kitanda.

Mimi ni mtu wa kalamu, si fundi. Nilipohamia chumba cha kupanga Kisauni, nilinunua paleti kuukuu nikamtengenezea mwanangu kitanda. Nilijiona bingwa. Jirani yangu, fundi seremala, alipokuja kukitazama hakusifu. Aliinama akaniuliza, "Mhuri umeusoma?" Sikujua kwamba paleti ina mhuri. Tulipoutafuta tukaona herufi MB. Mwanangu hakukilalia kitanda kile hata usiku mmoja.

Paleti za kusafirishia mizigo kati ya nchi na nchi hutibiwa ili kuua wadudu, na mhuri hueleza njia iliyotumika. HT maana yake ubao ulipashwa moto hadi nyuzi 56 za Selsiasi ndani kabisa, kwa dakika 30. Huo tumia. MB maana yake ulifukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu. Huo usiuingize nyumbani, wala usiufanye kuni za kupikia. Usio na mhuri, au wenye madoa ya mafuta na kemikali, uache pia.

Jambo jingine: si kila paleti iliyo nje imetupwa. Nyingine ni mali ya kampuni na hurudishwa. Uliza mwenyewe kwanza, usije ukaitwa mwizi kwa ajili ya benchi.

Sasa tairi. Sote tunaikumbuka chikungunya iliyotusumbua hapa Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018. Viungo viliuma hata mtu akashindwa kushika kikombe. Mbu anayeieneza, ambaye pia hueneza dengi, huzaliana katika maji yaliyotuama, na tairi lililotupwa uani ni nyumba yake. Mvua ikinyesha, maji huingia ndani na hayatoki.

Tairi hilohilo likifanywa kigoda, mbu hana pa kukaa. Lisugue ndani kwa brashi na sabuni, kwa sababu mayai ya mbu huyu hushikilia ukavu kwa miezi. Likaushe juani. Funika pande zote mbili kwa mbao za mviringo, kisha lizungushie kamba ya makonge kwa gundi, kuanzia katikati ya kifuniko cha juu hadi chini. Tairi lenye nyaya zilizochomoza usilitumie, litakata watoto. Na kigoda chenyewe kiweke mbali na jiko, maana mpira unashika moto.

Usilichome tairi kwa kisingizio cha usafi. Moshi wake tunauvuta sisi wenyewe.

Tangu 2022 nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayotutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza kuanzia nyumbani. Ukizitenganisha, utashangaa ni ngapi si taka. Kila ubao unaogeuka benchi hauendi Mwakirunge.

Kitanda cha pili cha mwanangu nilikitengeneza kwa paleti za HT, jirani akinisimamia. Bado anakilalia. Kwa hiyo ndugu zangu, okoteni, nunueni, tengenezeni. Lakini kabla ya kupiga msumari wa kwanza, someni mhuri.