Baada ya Karatasi ya Baiolojia: Jibu la Chini ya Mti

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kitui na Makueni)



Najua wengi wenu mmetoka shambani sasa hivi, na majembe naona yamewekwa pale kwa mlango. Kwa hivyo sitawaweka sana. Leo sikuja kuongea juu ya matuta wala mabwawa ya mchanga. Nimekuja kuongea juu ya jambo moja linalofanyika chini ya mti, nje ya chumba cha mtihani, wakati wa palizi za Novemba.

Si mnajua vile inavyokuwa. Kengele inalia, karatasi zinakusanywa, watoto wa kidato cha nne wanatoka. Kabla hata ya kunywa maji wanasimama makundi makundi. "Namba tatu uliandika nini?" "Na ile ya figo?" Mmoja anacheka, mwingine anashika kichwa.

Kuulizana si kosa. Hata sisi tukitoka kwa baraza la chifu tunasimama njiani na kuulizana, "Kwani alisema nini pale?" Mtu anataka kujua kama alisikia sawa. Lakini kuna kulinganisha kunakojenga, na kuna kulinganisha kunakobomoa. Hilo ndilo nataka tulitazame pamoja.

Wacha niwape kisa. Mwaka mmoja nilikuwa natembelea kikundi cha akina mama upande wa Makueni. Nikamkuta mama mmoja jikoni na binti yake. Binti amejifunika leso usoni, hataki chakula. Alikuwa ametoka kufanya karatasi ya baiolojia, na kesho yake kulikuwa na karatasi nyingine. Akasema, "Mimi siendi tena. Nimeanguka."

Tukamuuliza sababu. Ilikuwa ni swali la kiazi. Ukikata vipande vya kiazi ukaviweka katika maji yenye chumvi nyingi, vinakuwaje? Yeye aliandika kwamba vinalegea, kwa sababu maji yanatoka ndani ya seli. Walipotoka nje, mvulana mmoja mwenye sauti kubwa akasema vinakuwa vigumu kwa sababu chumvi inaingia. Wote wakamfuata. Binti akabaki peke yake na jibu lake. Kutoka hapo akaanza kuona kila kitu alichoandika ni bure.

Mama yake alisoma mpaka darasa la nne tu. Alisikiliza, akageuza chakula kwa sufuria, kisha akasema: "Mimi hiyo osmosisi yenu siijui. Lakini nikikata kabichi nikainyunyizia chumvi, nikirudi naikuta imelala, na maji yamejaa chini ya sahani. Sasa kiazi kina tofauti gani na kabichi?"

Binti akanyamaza. Halafu akaondoka kwenda kuleta kitabu. Kitabu kikasema vile mama alivyosema. Asubuhi yake akaenda kufanya mtihani.

Mwaka mwingine, upande wa Kitui, mimi nilifika nimechelewa. Kijana mmoja alikuwa amekata tamaa baada ya mazungumzo kama hayo, akapanda basi kwenda Nairobi kutafuta kibarua. Karatasi zilizobaki hakuzifanya. Na karatasi ambayo mtoto hakuifanya haina alama hata moja. Yale majibu aliyoyaogopa, mpaka leo sijui kama yalikuwa mabaya kweli. Hata yeye hajui. Baba yake aliniambia, "Sisi tulidhani amechoka tu, tukamwacha alale." Hakuna aliyemkosea kwa kutaka. Ni vile hakuna aliyeuliza.

Ndugu zangu, hebu tupige hesabu, kama tunavyopiga hesabu ya mchango wetu wa kila mwezi. Baiolojia ya KCSE ina karatasi 3. Ya kwanza ina alama 80, ya pili 80, na ile ya vitendo 40. Jumla ni 200. Swali la alama 3 likipotea lote, bado kuna alama 197 za kutafutwa. Panya akila mahindi matatu kati ya mia mbili, nani kati yetu atachoma ghala?

Tena, walimu wanaosahihisha wanafuata mwongozo mmoja, na wanatoa alama kwa kila hoja. Mtoto anaweza kukosa hoja moja akapata zile zingine mbili. Mwongozo huo chini ya mti haupo. Aliye chini ya mti ana sauti tu, na sauti kubwa si ushahidi.

Msidhani hili ni la watoto peke yao. Wengi mnaukumbuka mwaka wa 2004. Mahindi yaliingia kuvu, na ndani yake kukawa na sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua hapa Makueni, Kitui na wilaya za jirani, na 125 wakafa. Kuvu ni somo la baiolojia, wazee. Lakini mpaka leo utamsikia mtu sokoni akisema kwa nguvu kwamba mahindi yenye kuvu ukiyaosha na kuyachemsha sana hayana neno. Hilo nalo ni jibu la chini ya mti. Sumu ile haimalizwi na kuchemsha. Dawa ni kukausha mahindi vizuri, kuyaweka pasipo na unyevu, na kutupa yaliyoharibika. Kwa mtihani jibu baya linakula alama tatu. Kwa sufuria linakula mtu.

Kwa hivyo, tufanye nini? Mimi naona mambo haya:

1. Mtoto akitoka mtihani, tumpe maji na chakula kwanza. Tusimpokee kwa "Umepita?" Tumuulize, "Kesho una karatasi gani?"

2. Tukubaliane na watoto mapema: karatasi iliyokwisha, imekwisha. Majibu yatalinganishwa siku mitihani yote itakapomalizika.

3. Tukimwona mtoto amenyamaza sana, hali, au anasema hataki kurudi, tusingoje. Tumwite mwalimu wake au mtu anayemwamini, jioni hiyo hiyo.

4. Wiki za mtihani, kikundi cha mwethya kisaidie palizi kwa nyumba iliyo na mtahiniwa. Najua mvua hii ya mwisho wa mwaka ndiyo tunayoitegemea. Lakini mikono ishirini inamaliza shamba asubuhi moja, na mtoto anapata kusoma.

5. Wakati wa likizo, watoto wa vidato vya chini walete mitihani ya zamani, wakae pamoja na walinganishe majibu. Hapo ndipo mahali pake. Kitabu kiwe mezani, mwalimu aalikwe, na kila mmoja aulizwe, "Kwa nini unasema hivyo?" Anayeshindwa kutoa sababu anyamaze kidogo, hata kama ana sauti kubwa.

KCSE ilianza 1989, na darasa la mwisho la 8-4-4 linatarajiwa kuifanya 2027. Jina la mtihani litabadilika. Mti utabaki palepale, na watoto watasimama chini yake. Basi wakija nyumbani na huzuni, wakute mtu wa kuwasikiliza. Yule mama wa kabichi hakuwa na cheti. Alikuwa na sikio, na alijua kitu alichokiona kwa macho yake.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

- Katika kijiji chetu, ni nani anamfuata mtoto ambaye hakurudi kufanya mtihani?
- Ni mambo gani tunayaamini kwa sababu tu yalisemwa kwa sauti kubwa?
- Ni kazi gani za jikoni na shambani zinazoweza kumsaidia mtoto kuelewa baiolojia?