Waya wa Tatu Ufike Hadi Bandani
Matini ya mazungumzo kuhusu usalama wa umeme, yaliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata



Umeme ukishafika nyumbani, haukai katika nyumba kubwa peke yake. Mwanzoni huwaka taa sebuleni. Kabla mwaka haujaisha, mwenye nyumba amekwisha kuvuta waya hadi jiko la nje, banda la ng'ombe, bafu la uani na pampu ya kisima. Nyumba kubwa ilitandazwa nyaya na fundi mwenye leseni, ikakaguliwa kabla ya mita ya LUKU kufungwa. Mabanda, mara nyingi, hayakaguliwi na mtu. Waya uliopelekwa huko ni wa nyuzi mbili, kwa kuwa taa huwaka kwa nyuzi mbili, na uzi wa tatu huonekana gharama ya bure.

Huo wa tatu, wenye rangi ya kijani na njano, ndio waya wa ardhi. Siku za kawaida hauna kazi. Kazi yake huja siku waya wa moto unapochubuka ndani ya pampu na kugusa kasha la chuma, au unaposuguana na bati la paa mpaka ngozi yake ikatoboka. Palipo na waya wa ardhi, umeme hupata njia ya kushukia. Pasipo nao, chuma hukaa na volti 230, hakitoi cheche wala harufu, kikimsubiri atakayekigusa akiwa pekupeku juu ya udongo wenye maji. Aghalabu huyo ni mama anayechota maji, au mtoto aliyetumwa kuanua nguo, maana kamba ya kuanikia katika nyumba nyingi ni waya wa chuma uliofungwa kwenye paa la banda. Kamba ya namna hiyo ibadilishwe leo iwe ya katani au ya plastiki. Kwa hilo haihitajiki hata fundi.

Wapo wasemao kwamba breka itakata. Hapa yafaa hesabu ndogo. Fimbo ya ardhi iliyochimbiwa uani huweza kuwa na ukinzani wa omu 50, na katika mchanga mkavu wa kiangazi ukinzani hupanda zaidi. Volti 230 zikigawanywa kwa 50 hutoa ampea 4.6. Kwa breka ya ampea 20, huo ni mzigo wa pasi tu, nayo haikati. Lakini moyo wa binadamu huweza kuvurugika kwa umeme usiofika hata sehemu moja ya kumi ya ampea.

Ndiyo maana fimbo peke yake haitoshi. Huhitajika pia kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho madukani huulizwa kwa herufi RCD. Kifaa hicho hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi; tofauti ikifika miliampea 30 hukata mara moja. Nacho bila waya wa ardhi ni nusu ya kinga: hungoja mpaka mwili wa mtu uwe ndiyo njia ya uvujaji. Waya wa ardhi ukiwapo, hukata hitilafu inapotokea, kabla mtu hajafika bandani.

Liko jambo jingine ambalo mafundi wengi hulipuuza. Bomba la maji, nguzo za chuma, mabati na birika la kunyweshea vinapaswa kuunganishwa pamoja na waya wa ardhi, ili anayegusa viwili kwa wakati mmoja asikute tofauti ya volti kati yake. Ng'ombe huhisi volti chache ambazo mtu hazitambui, kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali. Ng'ombe anayesita kunywa kwenye birika la chuma asidhaniwe kuwa mgonjwa kabla umeme wa banda haujapimwa.

Kuunganisha niutro na waya wa ardhi ndani ya soketi ya banda ili kuepuka gharama ya uzi wa tatu ni hatari kubwa kuliko kukosa ardhi kabisa. Niutro ikikatika njiani, kasha la pampu hupata umeme hata kama pampu ni nzima.

Banda lililo mbali na nyumba laweza kuwa na fimbo yake na RCD yake, mradi vyuma vya ardhi mbili tofauti visiwe mahali ambapo mtu mmoja aweza kuvigusa pamoja. Fimbo ichimbiwe penye unyevu, kwa mfano karibu na maji ya bafu yanapomwagika, na kibano chake kikaguliwe kutu. Fundi aulizwe leseni ya EWURA, naye apime ukinzani kwa kipimo chake, si kwa macho. Kitufe chenye herufi T kwenye RCD kibonyezwe mara kwa mara. Umeme usipokatika, kifaa hicho kibadilishwe.