Mnunuzi na Mpiga Kura
(Hotuba kwa wanachama wa Kondoa)



Husemwa kwamba kupiga kura ni kama kununua sokoni: mtu hutazama, hulinganisha, kisha huchagua. Mfano huu una ukweli, walakini yatupasa tuuchunguze kabla ya kuukubali.

Katika soko letu la Kondoa apendaye uwele hununua uwele, na jirani yake hununua mahindi. Wala hapana amlazimishaye mwenziwe. Kura sivyo. Zikiisha kuhesabiwa, chungu ni kimoja, na aliyeshindwa hula pamoja na aliyeshinda. Tena sokoni mwenye fedha nyingi huchukua vingi. Katika kura, tajiri ana moja na maskini ana moja.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya darasa la nane, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au cheo maalumu. Karani, ingawa tangu 1953 alikuwa amekatazwa kujiunga na siasa, aliweza kupiga kura. Mkulima aliyemlisha mara nyingi hakuweza. Tena kila mmoja alilazimishwa kuchagua watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ni kama mwenye duka akataaye kukuuzia chumvi mpaka ununue na sabuni na taa.

Mnunuzi angaliondoka, akaenda duka jingine. Bali duka jingine halikuwapo. Kwa hiyo katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe wa TANU waingie katika uchaguzi ule. Chama kikawaunga mkono Wazungu na Waasia walioafikiana nacho, nao wakashinda. Mnunuzi peke yake asingaliyaweza hayo. Yaliwezekana kwa shauri la wengi.

Katika uchaguzi wa Rais wa 1962 sharti la elimu na mapato halikuwapo tena. Basi sisi makarani tusidhani kwamba kalamu huongeza uzito wa kura yetu. Nguo mbovu mtu huiacha akanunua nyingine; mbunge hukaa miaka mitano. Mnunuzi hujiuliza, "Mimi nitapata nini?" Mpiga kura hana budi aongeze, "Na jirani yangu je?"