Ulaya kwa Treni, Shanta Mgongoni

Nimepata barua ya binti mmoja anayesoma mwaka wa pili chuo kikuu. Amealikwa Ujerumani kwenye kongamano la wanafunzi la siku 5. Tiketi ya ndege amelipiwa, na mwenyewe ana akiba ya Dola 600. Anauliza: je, kongamano likiisha, anaweza kuzunguka miji ya Ulaya kwa treni kwa fedha hiyo, au anajidanganya? Nimeona nimjibu hewani, maana vijana wengi huniuliza hivyo hivyo, na mitaani wanapewa majibu ya aina mbili tu: ama Ulaya haiingiliki, ama Ulaya ni mteremko.

Safari ya namna hiyo niliifanya mwaka 2018, baada ya mafunzo ya utangazaji yaliyonipeleka huko kwa wiki 3. Nilikuwa na siku 10 zilizobaki katika viza. Nilianzia Köln, nikaenda Vienna, Budapest, Prague na Berlin, kisha nikarudi Köln. Wenzangu karibu wote walikuwa vijana wa miaka 20 na ushee, mashanta migongoni na viatu vikining'inia nje. Nadhani katika kundi lile ni mimi peke yangu niliyebeba dawa ya kuchua mgongo.

Jambo hili kule si geni. Tangu mwaka 1959 kuna pasi iitwayo Eurail, inayouzwa kwa watu wanaotoka nje ya Ulaya. Mwaka 1972 ikaja nyingine, Interrail, kwa vijana wa huko huko wasiozidi miaka 21. Ukomo huo wa umri uliondolewa baadaye. Unalipa mara moja, unapanda treni za nchi nyingi kwa idadi ya siku ulizonunua. Na tangu 2018 Umoja wa Ulaya unawagawia bure pasi za treni baadhi ya vijana wake wanaotimiza miaka 18, ili waijue Ulaya yao. Mwanafunzi wetu atanunua Eurail. Ndugu zetu wanaoishi huko kihalali hununua Interrail, hata kama pasipoti zao ni za huku, kwa sababu kinachoangaliwa ni makazi.

Lakini je, anunue pasi? Hapa ndipo vijana wanapochanganyikiwa, kwa hiyo twende polepole. Treni za Ulaya zinauzwa kama ndege. Anayenunua mapema, kwa treni moja ya saa fulani, hulipa kidogo sana; anayefika dirishani siku ile ile anaweza kulipa mara 3 au 4 yake. Mimi nilinunua mapema. Treni ya usiku kutoka Köln hadi Vienna nilipata kiti kwa Euro 29. Iliondoka saa 3 na ushee usiku ikafika saa 3 asubuhi, na hivyo usiku huo sikulipia malazi. Nilikaa wima usiku kucha na wageni watano katika chumba kimoja, magoti kwa magoti, lakini nilifika. Vienna hadi Budapest, mwendo wa karibu saa 3, haikufika Euro 20.

Sasa, tiketi hizo za bei ya chini kwa kawaida hazirudishwi. Mzungu mwenye pasipoti yake anakaa mezani mwezi Machi, anachagua tarehe ya Julai, analipa, basi. Mwenzetu anayesubiri viza hajui kama ataipata, wala ataipata lini. Akinunua mapema, viza ikakataliwa, fedha imekwenda. Akisubiri viza, bei imepanda. Hilo halimo katika vitabu vya utalii, kwa sababu waandishi wake hawajawahi kupanga foleni ubalozini. Mtu asiye na uhakika wa kuingia hulipa zaidi kwa kiti kile kile.

Kwa hiyo kwa binti huyu pasi inaweza kufaa, ingawa kwa hesabu tupu ni ghali kuliko tiketi za mapema. Pasi ya kawaida isiyoanza kutumika huweza kurudishwa kwa makato fulani, na haimfungi kwa saa wala treni. Ila ajue kwamba treni za kasi za Ufaransa, Hispania na Italia zinamtaka alipie nafasi ya kukaa juu ya pasi hiyo. Ujerumani na Austria, treni nyingi za mchana hazina sharti hilo. Ndiyo maana namshauri abaki upande wa mashariki, na Paris aiache kwa safari nyingine.

Na viza yenyewe aiombe vizuri. Maombi hupelekwa ubalozi wa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Tangu Juni 2024 ada kwa mtu mzima ni Euro 90, na hairudishwi ukikataliwa. Lazima awe na bima ya safari isiyopungua Euro 30,000. Asiandike siku za kongamano peke yake. Aandike safari nzima, mji kwa mji, la sivyo atapewa siku za kongamano na ziada ndogo tu. Tena asitoke nje ya nchi za Schengen. Akiwa na viza ya kuingia mara moja, akivuka kwenda Belgrade kutembea, kurudi hakuna.

Nizungumzie Budapest kidogo. Stesheni kuu ya mashariki, Keleti, ilifunguliwa mwaka 1884, jengo la fahari lenye upinde mkubwa wa kioo mbele. Vijana wa mashanta hupiga picha hapo. Mimi nilisimama nikikumbuka taarifa tulizokuwa tukizisoma studio mwanzoni mwa Septemba 2015. Maelfu ya wakimbizi, wengi Wasiria na Waafghanistan, walilala katika njia za chini za stesheni ile, baadhi wakiwa na tiketi halali mikononi, wakizuiwa kupanda treni za kwenda Austria na Ujerumani. Tarehe 3 waliruhusiwa kuingia, wakajazana katika treni moja wakidhani inakwenda mpakani. Ikasimamishwa Bicske, mji mdogo usio mbali, na polisi walikuwa wakingoja. Kesho yake mamia wakaanza kutembea kwa miguu katika barabara kuu kuelekea Vienna, watoto mabegani, mpaka Austria na Ujerumani zikakubali kuwapokea. Reli hiyo ndiyo niliyoijia mimi kwa chini ya Euro 20, nikila mkate.

Ukaguzi wa mipaka kati ya nchi za Schengen uliondolewa kuanzia mwaka 1995. Hata hivyo, safari nzima niliombwa pasipoti mara 2 ndani ya treni, na mara zote 2, katika behewa lililojaa watu, tulioombwa ni mimi na kijana mmoja mwenye sura ya Kiarabu. Waliniomba kwa adabu, sikatai. Mwanafunzi mmoja Mjerumani mweusi alilifikisha jambo kama hilo mahakamani, na mwezi Oktoba 2012 mahakama ya juu ya utawala huko Koblenz ikasema kwamba kumkagua mtu kwa sababu ya rangi yake kunavunja Katiba ya Ujerumani. Polisi waliomba radhi. Binti yangu ayajue hayo, lakini pasipoti aiweke mwilini, asiiweke kwenye shanta, pamoja na barua ya mwaliko na anwani ya anapolala. Tena tangu Septemba 2024 Ujerumani ilirudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu, basi asishangae treni ikichelewa.

Kula si tatizo. Mkate, jibini na matunda ya dukani vinatosha mchana, na mabweni ya vijana mengi yana jiko. Maji asinunue: bomba la Vienna linaleta maji ya chemchemi za milimani tangu mwaka 1873. Jumapili maduka mengi ya Ujerumani na Austria hufungwa, yale ya ndani ya stesheni kubwa ndiyo hubaki wazi. Choo cha stesheni mara nyingi ni cha kulipia, awe na sarafu.

Dola 600, basi. Vitanda vya mabweni vimepanda sana tangu nilipokwenda, kwa hiyo siku 10 nilizozunguka mimi hazitamfikisha. Siku 6 na miji 3, Vienna, Prague na Berlin, zinawezekana, akitenga Dola 100 asiziguse kabisa. Na akitoka Prague kwenda Berlin akae dirisha la upande wa kulia, maana mto Elbe uko upande huo, na majabali ya mpakani pale yanapita karibu mno na kioo.