HURUMA PEKEE HAITOSHI



Filamu tunayoizungumzia leo yaitwa The Elephant Man, yaani Mtu-Tembo. Ilitolewa mwaka 1980 na David Lynch, nayo yasimulia maisha ya Mwingereza Joseph Merrick, aliyezaliwa mjini Leicester mwaka 1862 na ambaye mwili wake uliharibika umbo tangu utotoni. Filamu yamwita John, kwa kufuata kumbukumbu za daktari wake, Frederick Treves, zilizochapishwa mwaka 1923.

Yaanza kwa kutisha. Twaona tembo, twaona mama akipiga mayowe. Kisha kwa muda mrefu mtu mwenyewe afichwa gizani, kichwa kimefunikwa mfuko wa kitambaa wenye tundu moja la jicho. Nasi twangoja kwa hamu tulione zimwi. Hapo ndipo tunaponaswa, kwa maana tumekuwa sawa na wale waliolipa kiingilio ili wamtazame. Anapofunuliwa, tunayemkuta ni mtu mpole, aliyeihifadhi Zaburi ya 23 moyoni. Na umati unapomzingira katika kituo cha gari moshi, apaza sauti kwamba yeye si mnyama, ni mwanadamu. Sasa kinachotutisha ni umati.

Fundisho hilo ni kubwa, lakini hatuna budi kwenda mbele zaidi. Filamu yamtwika lawama mlevi mmoja ampigaye Merrick na kumwonyesha kwa fedha. Mtu huyo ni wa kubuniwa. Historia yatueleza kwamba Merrick alifiwa na mama yake mwaka 1873. Alisokota sigara hadi mkono wake wa kulia ulipomshinda, akachuuza bidhaa mitaani, watu wakamwogopa. Mwishoni mwa mwaka 1879, akiwa na miaka 17, aliingia katika nyumba ya maskini, ambamo sheria ya wakati ule iliwapa mafukara chakula na malazi pamoja na kazi ngumu na fedheha. Mwaka 1884 aliondoka humo, baada ya kuomba yeye mwenyewe aonyeshwe mbele ya watu ili apate riziki.

Ndugu, tuutafakari uchaguzi huo. Kijana mwenye akili timamu aliona heri kutazamwa kama kioja kuliko kuishi katika nyumba iliyojengwa kwa jina la kuwasaidia maskini. Humo hamkuwa na mlevi mwenye fimbo. Mlikuwa na sheria, wasimamizi na vitabu vya hesabu.

Mwaka 1886, baada ya kuibiwa akiba yake na kutelekezwa Ubelgiji, alirudi London, na hospitali ikampokea. Mwenyekiti wake, Francis Carr Gomm, aliandika barua gazetini, raia wakachanga fedha za kutosha kumtunza. Merrick akapata chumba, vitabu na marafiki hadi alipofariki tarehe 11 Aprili 1890, akiwa na miaka 27. Huruma hiyo twaiheshimu. Hata hivyo, katika filamu Treves ajiuliza kama yeye ni mwema au mbaya, kwani wageni wenye vyeo nao huja kumtazama mgonjwa wake. Na baada ya kifo mifupa ya Merrick ilihifadhiwa katika chuo cha udaktari.

Kila mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu. Huruma humpa mhitaji chumba; haki humuuliza anataka nini, humpa kazi aiwezayo na kauli katika mambo yamhusuyo. Basi tunaomba kila jumuiya ndogo ndogo ijadili maswali haya: Katika mtaa wetu, ni mlemavu gani anayefichwa ndani? Tunapompelekea msaada, je, twamsikiliza, au twapiga naye picha tu na kuondoka? Na ni nani aliyewahi kumkaribisha katika kamati inayoamua juu ya msaada huo?